Kidole Gumba cha Bwana Alibhai

Tangu nirudi, kila anayeingia studio ananiuliza swali lile lile: Mama Pendo, ni kweli ulianguka matopeni ukimwamkia ndege? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja huku mteja amekaa kitini, shingo imekakamaa, akisubiri nibonyeze. Kwa hiyo naandika mara moja. Kina mama wa kwaya msome kwanza, mkimaliza muwapelekee na wale wa sokoni, halafu tuendelee na shughuli nyingine. Jibu fupi ni kwamba sikuanguka. Nilipiga magoti kwa hiari yangu. Jibu refu ndilo hili.

Kabla ya kuondoka

Mnanifahamu kwa kazi moja. Miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikipiga picha ndogo za pasipoti na vitambulisho hapa mjini Shinyanga. Nina kiti kimoja kisicho na mgongo, kitambaa cha bluu cha ukutani, koti jeusi la kiume, na tai iliyokwisha kufungwa kwa ajili ya wale wanaokuja na fulana. Masikio yaonekane, kidevu juu kidogo, usicheke. Hata kanisani nikimwangalia padri namwona kidevu kimeshuka.

Safari hii chanzo chake ni baba yangu, Mzee Bundala, yule anayekaa kwenye benchi nje ya studio na kuwaambia wateja wamependeza hata kabla hawajapigwa picha. Ujanani alikuwa mrina asali kule kwetu Ushirombo, na yeye na wenzake walikuwa wakiingia kwenye misitu ya Kigosi na kukaa huko wiki nyingi. Siku moja alitangulia peke yake kuchota maji. Kwenye mafunjo akakuta ndege wa kijivu aliyemfika kifuani, mwenye mdomo mpana kama kiatu cha askari, amesimama tu, haendi popote. Baba aliogopa. Na kwa kuwa aliogopa, akamwamkia, kama unavyomwamkia mtu mzima usiyemjua. Yule ndege akainamisha kichwa mara mbili, akagonganisha mdomo ko-ko-ko-ko. Wenzake walipofika hapakuwa na kitu isipokuwa maji.

Hadithi hiyo tumekua nayo. Ilisimuliwa kwenye harusi, kwenye matanga, na mbele ya wageni waliokuja kuposa. Kila mara watu walicheka mpaka machozi, wengine wakatoka nje kwenda kuamkia kuku. Shemeji zangu walimpa jina la Mzee Shikamoo Ndege. Hakukasirika hata siku moja. Aliirudia tu, neno kwa neno, na mimi binti yake nilicheka pamoja na wenzangu. Hilo nalisema wazi kwa sababu ndilo lililonipeleka.

Krismasi iliyopita wajukuu walimzunguka wakamwomba awasimulie habari ya ndege. Akawatazama, akasema, "Ah, ile nilikuwa natania tu." Kisha akaomba chai. Watoto wakaenda zao kucheza. Mimi nilikuwa nimeshika birika, na moyo uliniuma sana. Nilijiona kama mtu aliyemnyang'anya mzee kitu chake kidogo kidogo kwa miaka, na leo mzee mwenyewe kachoka kukidai. Tangu siku ile hakuisimulia tena. Nikaamua nitakwenda Kigosi, nitampata ndege huyo, nitampiga picha akiwa ameinama, na picha nitaitundika studio ukutani, juu ya kioo, mahali ambapo kila anayechana nywele ataiona.

Shinyanga hadi Kagongwa

Gari lilikuwa la Bwana Alibhai, mwenye duka la misumari, mabati na rangi mtaa wa pili kutoka kwangu. Amezaliwa hapa hapa, na baba yake pia, na Kisukuma anakisema vizuri kuliko mimi niliye Msumbwa. Wengi hamjui kwamba ana ugonjwa wa ndege. Ana darubini, ana kitabu kinene chenye picha za ndege wote, na ana daftari ambamo ameandika kila ndege aliyemwona kwa macho yake tangu akiwa kijana. Mdomo-kiatu, kwa maana ndivyo kitabu kinavyomwita, hakuwemo kwenye daftari. Nilipomweleza shida yangu alifurahi mpaka akafunga duka kabla ya saa sita, jambo ambalo mtaani lilizua maneno ya msiba. Lakini alinipa tahadhari moja. Kitabu hakisemi popote kwamba ndege huyo huinama.

"Mama Pendo, kumwona tutamwona," aliniambia. "Kuinama, hapana. Mzee alikuwa kijana, alikuwa na njaa, jua lilikuwa kali."

Habari za vibali na karatasi naziruka, maana nikizianza hamtafika Kagongwa. Niseme tu kwamba tuliondoka asubuhi, mimi na kamera yangu, kitambaa cha bluu na koti la studio ndani ya begi. Mtaniuliza kitambaa na koti vya nini porini. Hata sijui. Mkono umezoea, kamera ikitoka navyo vinatoka. Mke wa Bwana Alibhai alitufungia chapati, kachori, chai ya tangawizi na chupa ya achari ya ndimu. Mimi nilibeba karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, ambavyo Bwana Alibhai alivila vyote kabla ya Tinde huku akinisifia mke wake.

Njiani alinifundisha masharti. La kwanza ni kimya. La pili ni kwamba kamera ni adui wa macho, kwa sababu mwenye kamera hukazana kubonyeza akasahau kutazama. Yeye hajapiga picha maishani. Ana simu kubwa aliyoletewa na binti yake, lakini huitumia kupokea simu za watu tu, tena ameishika mbali na sikio kama bakuli la uji wa moto.

Kagongwa tulipanga kupita bila kusimama. Mnaujua mji ule, mashine za kukoboa mpunga kila upande, na nyuma ya mashine marundo ya pumba. Bwana Alibhai akaona kitu kidogo chekundu kinaruka juu ya rundo mojawapo. Akafunga breki, akashuka, akasimama ng'ambo ya barabara na darubini yake, akatulia hapo robo saa bila kupepesa.

Sasa chini ya lile rundo walikuwepo kina mama wanapepeta mchele. Mnunuzi wa mchele kwa kawaida hufika, huchota kiganja, hupuliza, huuma punje moja, kisha hukunja uso. Huyu alikuwa hajasogea hata hatua moja. Nikaona wameanza kunong'onezana. Mmoja akaondoa beseni lake la chenga, zile punje zilizovunjika, akalificha nyuma ya gunia. Mwingine akaanza kuupepeta upya mchele uliokwisha pepetwa. Nilipovuka kuwaamkia, mkubwa wao alinivuta pembeni akaniuliza kwa adabu sana yule mzee anatoka kampuni gani, maana wameshaona wanunuzi wa kila aina lakini huyu ni wa kwanza kuona chenga kutoka ng'ambo ya barabara.

Nilimweleza kwamba anaangalia ndege. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayeelewa kwamba siri za biashara hazisemwi. Wakatuletea viti, wakatuletea wali na samaki, wakasimama mbele yetu mikono imefungwa kifuani wakisubiri hukumu. Bwana Alibhai, ambaye hakuelewa lolote, alikula akasema wali ni mzuri. Wakashangilia. Tukatoka Kagongwa mchana na nusu gunia la mchele ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na haja nalo, na kile kitu chekundu kilikuwa kipande cha mfuko wa plastiki.

Kagongwa hadi Masumbwe

Kahama tuliipita salama. Karibu na Masumbwe tairi la nyuma likaisha pumzi, mbele kabisa ya machimbo madogo ya dhahabu. Karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ilikuwa inanguruma, na pembeni yake yapo maduara, ndiyo mashimo yenyewe, yamefunikwa maturubai. Wakatoka wanaume saba weupe kwa vumbi toka unywele mpaka ukucha, wakatuamkia, wakaanza kufungua tairi kabla hatujawaomba.

Aliyekuwa akiwaongoza walimwita Katibu, kwa sababu ndiye anayeshika kitabu cha kikundi chao. Akaniuliza tunakwenda wapi. Nikasema Kigosi, kuna ndege tunamfuata. Akataka kujua kama ndege huyo analiwa. Nikasema haliwi. Anauzwa? Hauzwi. Ana dawa? Hana. Katibu akaangalia maduara yake, akaniangalia mimi niliyeyapita machimbo yote toka Kahama bila hata kugeuza shingo, na nilimwona ananihurumia.

Ndipo mmoja akaona kamera. Walipojua kazi yangu, tairi likasahaulika. Kumbe wote saba walikuwa wanahitaji picha za vitambulisho vya kikundi, na kufika Kahama kwa ajili hiyo walikuwa wanaahirisha tangu masika. Nikasema haya. Kitambaa cha bluu tukakifunga kwenye nguzo za turubai, ndoo ikawa kiti, na koti likaanza kuzunguka mgongo hadi mgongo. Saba hao, koti moja, tai moja. Wa mwisho alikuwa jitu la watu, koti likapasuka mgongoni toka kola hadi chini, lakini kwa mbele hakuna kinachoonekana, na mbele ndiko kamera iliko. Nikamwambia anyanyue kidevu. Bwana Alibhai wakati huo wote alikuwa ameweka kidole mdomoni akiiambia karasha inyamaze, kwa sababu juu ya paa lake palikuwa na kozi, yule ndege mwindaji.

Picha zao nimeshazituma kwa kondakta wa basi, msiwe na wasiwasi.

Tulipokuwa tunafunga vitu, Katibu akauliza safari hii hasa ni ya nini. Nikamsimulia habari ya baba, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alikaa kwenye ile ndoo akafikiri.

"Mama, sisi hapa mtu akisema ameiona dhahabu, tunachimba mwaka mzima kwa neno lake tu," akasema. "Mzee wako kasema kaona ndege. Mnamdai picha?"

Nikakunja kitambaa. Akauliza tena, kwa kunipoza nadhani, kama na huyo ndege nitamvalisha koti.

Ushirombo hadi ukingo wa Kigosi

Ushirombo tulifikia kwa shangazi, dada yake baba. Alitupokea kwa mboga ya mgagani, ugali na maziwa mgando, na alipomwona Bwana Alibhai anakula mgagani kwa achari ya ndimu alimpenda papo hapo. Lakini nilipotaja ndege, shangazi aliweka kijiko chini akacheka mpaka akashika mbavu. Kaka yangu bado anaongopa mpaka leo? akauliza. Nikamwambia hapana, ameacha. Kicheko kikakatika. Akasema hiyo si tabia yake, na kama ameacha basi tumpeleke hospitali. Hapo nikajua siko peke yangu ninayeogopa.

Kutoka kwa shangazi mpaka ukingo wa mbuga ni safari ya vumbi na matuta. Mwenyeji wetu aliitwa Shija, mrina asali wa umri wangu, mtu wa maneno machache ambaye hujibu swali baada ya kulizungusha mdomoni kwanza. Alituamkia, tukaitikia, akamwamkia tena Bwana Alibhai kwa Kisukuma, wakaulizana habari za nyumbani, za mifugo, za mvua na za barabara, mpaka mimi nikapata muda wa kula kachori tatu. Nilipomuuliza kama mdomo-kiatu yupo, alisema yupo, hana haraka. Nikamuuliza kama huwa anainama.

"Sijui, mama," akasema. "Sijawahi kumwamkia. Hatujuani."

Bwana Alibhai akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Majini

Asubuhi yake tuliingia kwenye mtumbwi, Shija nyuma na upondo wa kusukumia, Bwana Alibhai mbele na darubini, mimi katikati na begi. Sitawadanganya, ni pazuri. Maji yametulia, mafunjo yamesimama pande zote, na ndege wapo kila mahali kwa wingi, kiasi kwamba Bwana Alibhai alikuwa anaandika bila kuangalia daftari. Kwa mara ya kwanza maishani nilipiga picha ya kitu kisicho na masikio. Kulikuwa na korongo weupe, mnandi, na kandege kadogo ka rangi ya dhahabu kalikokaa kwenye upondo wa Shija kana kwamba tumekapa lifti.

Tulifika mahali pana penye kisiwa kidogo cha nyasi. Shija akasema kwa kidole kwamba hapa ndipo hupita. Tukaegesha, tukasubiri. Jua likapanda. Nikafikiri kama mtaalamu: ndege atatuona, lazima tujifiche. Nikatoa kitambaa changu cha bluu, nikakitandaza juu ya vijiti viwili, kikawa kibanda safi kabisa. Bwana Alibhai akaingia chini yake kwa furaha, maana kichwa chake hakina nywele. Nilimwona Shija anakitazama kile kitambaa muda mrefu. Akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kukaa kwenye mtumbwi, mbali kidogo.

Mbung'o wa kwanza alikuja baada ya dakika tano. Nikampiga. Wakaja watatu. Kisha wakaja wote. Sijui walikuwa wapi na nani aliwaambia, lakini walitoka kila upande wa ile mbuga na kutua kwenye kitambaa changu, na waliokosa nafasi kwenye kitambaa walitua kwa Bwana Alibhai. Kuumwa na mbung'o ni sawa na kudungwa sindano na nesi aliyegombana na mumewe. Na yeye ndiye aliyeweka sharti la kimya. Alikaa pale machozi yanamtoka, midomo ameibana, akijipiga kipara kwa kitabu chake, na kila pigo chupa ya achari ilirukaruka kwenye begi mapajani mwake mpaka kifuniko kikafunguka na achari ikaingia kati ya kurasa. Alipokifungua kitabu kukagua, ukurasa wa mdomo-kiatu ulikuwa na doa la njano ukubwa wa chapati.

Baadaye Shija alitueleza kwamba watu wanaotega mbung'o hutumia kitambaa cha bluu, rangi ile ile, kwa sababu wadudu hao huipenda kuliko ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona mama ni mtu mzima, ametoka mjini, ana vifaa, na kakitandaza kwa uhakika. Akaona si adabu kumsahihisha, pengine ni njia mpya.

Ilikuwa katika vita hiyo ndipo alipotokea. Sikumsikia. Nilinyanyua macho tu nikamwona kati ya mafunjo, kama hatua thelathini mbele. Wa kijivu. Mkubwa. Mdomo ule ule. Kishungi kisogoni, macho ya njano yanatutazama bila haraka. Nikanyanyua kamera, nikamweka katikati, na nawaambia, huyo ni mteja wa kwanza katika maisha yangu ambaye kidevu chake kilikuwa sawa. Nikangoja ainame. Mbung'o akaniuma juu ya kope. Mkono ukaenda wenyewe, na kamera ikaenda majini.

Shija aliiopoa mara moja. Maji yalitoka ndani yake kama yanavyotoka kwenye birika. Nilibonyeza kila kitufe. Haikuwaka, na mpaka leo haijawaka, ila kadi yenye picha za wale wachimbaji ilipona. Nikakaa kwenye nyasi nikalia, wala sioni aibu kuwaambia. Nilimwona baba kwenye benchi lake, akiwaambia wajukuu alikuwa anatania, na nikajua sasa ndivyo itakavyobaki. Bwana Alibhai aliniwekea mkono begani. Hata yeye, mwenye kutamani mdomo-kiatu maisha yake yote, alikuwa ameacha kutazama ndege akanitazama mimi.

Ndege hakuondoka. Kelele zote zile, na bado alisimama pale. Nikafikiri: picha imeshindikana, lakini nimekuja mpaka hapa, nimesimama mbele ya mkubwa wa watu, na sijaamkia. Baba yangu hakunilea hivyo. Nikafuta uso, nikashuka majini, nikasogea hatua kama kumi mpaka maji yakafika magotini. Hapo nikapiga magoti kwenye matope kama ninavyompigia shangazi, na nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo."

Mbung'o mmoja alikuwa anatembea kwenye kilemba changu na sikumgusa.

Akainamisha kichwa. Akakirudisha. Akakiinamisha tena, chini zaidi, mpaka ncha ya mdomo ikakaribia maji, na kutoka mle mdomoni ikatoka ko-ko-ko-ko, neno kwa neno kama baba alivyokuwa akisema. Nilisahau kila kitu. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, majini, nimepiga magoti. Nyuma yangu nikasikia kitu kidogo kimelia, kacha.

Nilipogeuka, Bwana Alibhai alikuwa amesimama wima nje ya kibanda, simu ameishika mbali kwa mikono miwili, mbung'o wamemjaa kichwani kama kofia. Alikuwa hata hapumui. Aliniuliza kama amebonyeza penyewe. Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hajui. Tukaitazama ile simu wote watatu. Picha ilikuwa moja tu. Upande wa kulia ndege ameinama. Katikati mimi nimepiga magoti na kilemba kimekaa vibaya. Na upande wa kushoto, toka juu mpaka chini, theluthi nzima ya picha, kidole gumba cha Bwana Alibhai, chekundu, kimevimba.

Shija akasema, kumbe ni kuamkia tu. Akamgeukia ndege akamwamkia vizuri kabisa. Ndege hakumjibu, akaingia mafunjoni. Shija akasema si kitu, ameshaitikia nyumba nzima.

Bwana Alibhai alikaa chini akatoa daftari lake akaandika, sikuona nini. Kisha akafungua kile kitabu kinene, kwenye ukurasa wenye doa la achari, akachukua kalamu na kwa mwandiko wake wa risiti za dukani akaandika pembeni neno moja: Huinama.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na jambo, isipokuwa Kagongwa kina mama walitupungia mikono na kunyanyua nyungo zao ili Bwana Alibhai azione.

Nilifika studio asubuhi, nikaihamishia picha kwenye kompyuta kabla hata ya kufagia. Baba alikuwa kwenye benchi. Nikamwita. Akaja taratibu, akavaa miwani, akainama karibu na kioo cha kompyuta mpaka pua ikakaribia kukigusa. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia, Baba."

"Akaitika?"

"Mara mbili."

Akatikisa kichwa. Niliona kidevu kinamtetemeka, na sikuwa na la kumwambia kuhusu kidevu. Kisha akajikaza akasema wa kwake alikuwa mkubwa zaidi, huyu bado mtoto. Nikajua amepona.

Nikamwambia naisafisha kwanza ndipo niichape. Nikakokota mstari wa kukatia, nikauweka pembeni ya kile kidole. Akauliza hicho ni nini. Nikasema ni kidole cha Bwana Alibhai, kimeingia kwa bahati mbaya, nakiondoa sasa hivi. Baba akaushika mkono wangu juu ya kipanya.

"Usikikate," akasema. "Mimi siku ile nilikuwa peke yangu. Kiache hicho. Ndicho shahidi."

Kwa hiyo mkiingia studio na kuona picha kubwa juu ya kioo, theluthi nzima ni kidole, msiniambie sijui kazi. Na wale mliokuwa kwenye harusi Jumamosi mlijionea. Mzee alisimama bila kuombwa, akaanza toka kuchota maji, neno kwa neno, na watu walipoanza kucheka kama kawaida yao, hakuendelea. Aligeuka akaelekeza mkono meza ya nyuma. Bwana Alibhai akaweka chini sahani ya pilau, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akanyanyua kidole gumba juu mbele ya ukumbi mzima, bado kina alama za mbung'o. Watu wakanyamaza. Na baba yangu, mbele ya watu wote hao, akamwinamishia kichwa mara mbili.